Karakana Tunayo, Ipo Makanyagio

Kuna hoja inazunguka sana hapa chuoni, hasa kwetu sisi wa ualimu wa sayansi, kwamba elimu ya amali itakwama kwa sababu shule hazina karakana. Inasemwa kwenye semina, inasemwa kantini, na siku hizi hata mwaka wa kwanza wanaijua kwa kichwa. Mitaala mipya ilianza Januari 2024 chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023. Mwanafunzi wa sekondari sasa anaweza kufuata mkondo wa jumla au mkondo wa amali. Na sisi tunaotarajiwa kumfundisha tumekaa tunahesabu mashine ambazo hazijafika.

Sibishi kwamba mashine zinahitajika. Ninachobisha ni hiki: hata zikifika kesho, wengi wetu tutazifunika turubai, kwa sababu hatujawahi kufundishwa kuitazama kazi ya mikono na kuona somo ndani yake. Karakana zimejaa nchi nzima, zina moshi na zina kelele, na tunazipita kila siku tukielekea stendi. Nitatumia mfano mmoja tu, bomba la hewa la gari, lile ambalo mafundi wa kwetu wanalitengeneza wenyewe.

Kwetu ni Makanyagio, Mpanda. (Ndiyo, makanyagio kama ya klachi na breki. Utani wote kuhusu jina hilo nimeshausikia.) Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na ingawa lami imeshatufikia, ukiiacha barabara kuu kuelekea vijijini unakutana na vumbi kuanzia Mei hadi Oktoba, halafu matope na mito iliyofurika kuanzia Novemba hadi Aprili. Sasa, gari nyingi zinazofanya kazi huko hutoka kiwandani zikivutia hewa kwenye tundu lililofichwa ndani ya madigadi, juu kidogo ya tairi. Yaani pua ya gari imewekwa palepale tairi linapotimulia vumbi, na palepale maji yanapofika kwanza ukivuka korongo.

Tuangalie hiyo pua inavuta kiasi gani. Chukua Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda 6 ambayo kila aliyekulia mikoa ya pembezoni anaijua kwa mlio wake. Ukubwa wake ni lita 4.2. Injini ya mipigo minne hujaza silinda zake zote mara moja katika kila mizunguko 2. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, inavuta lita 4.2 mara 1,000, yaani lita 4,200 za hewa kwa dakika moja. Ni mapipa 21 yale ya lita 200. Punguza kidogo kwa sababu silinda hazijai kikamilifu, bado ni mapipa mengi. Zidisha kwa saa tatu za kutoka mjini hadi kijijini, uone ni hewa kiasi gani imepita, na vumbi kiasi gani limegonga filta.

Vumbi la barabarani siyo uchafu tu. Ndani yake kuna chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko chuma cha silinda. Linaloponyoka kwenye filta linakwenda kusaga ringi na kuta za silinda, taratibu, kama msasa. Baada ya muda gari linaanza kula oili, linatoa moshi wa bluu, linakosa nguvu mlimani, na mwenye gari anaambiwa injini inataka kufunguliwa. Maji yenyewe hayana subira hiyo. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Pistoni ikipanda ikakuta silinda ina maji, kinachosalimu amri ni konrodi. Inapinda, au inatoboa injini.

Dawa yake inajulikana duniani kote: inua pua. Bomba linapandishwa kutoka kwenye madigadi, linafuata nguzo ya kioo cha mbele, mdomo wake unakaa usawa wa paa. Wenzetu wanaliita snokeli, jina lililotokana na nyambizi za Kijerumani za Vita vya Pili vya Dunia, ambazo injini zake za dizeli zilihitaji kupumua wakati chombo chenyewe kimejificha chini ya maji. La dukani linaagizwa kutoka Dar kwa laki kadhaa. La Makanyagio linatengenezwa chini ya mwembe.

Likizo iliyopita nilikaa siku tatu kwenye gereji moja ya mtaani kwetu. Nilienda kumsalimia mtoto wa mama mdogo ambaye ni spana boi pale, nikanogewa. (Siku ya kwanza kila aliyeingia alidhani nimeleta gari. Siku ya pili wakadhani nadai pesa. Msichana kukaa gereji bila sababu ni jambo ambalo mji wetu bado unalitafutia maelezo.) Kulikuwa na Land Cruiser ya mfanyabiashara wa mahindi, na kazi ilikuwa hiyohiyo: kuipandishia pua.

Walianza na kadibodi. Fundi alikata kadibodi akaibandika juu ya madigadi, akaisogeza hadi tundu la kadibodi likalingana na tundu la ndani, ndipo akachora na kutoboa bati. Bomba lilikuwa la plastiki, la inchi 3, lile la maji taka. Kulipinda ndiko kulikonishangaza. Walijaza ndani mchanga uliokaangwa kwenye karai hadi ukawa wa moto sana, wakasubiri plastiki ilainike, wakalikunja taratibu kwenye gogo. Mchanga unafanya kazi mbili: unapeleka joto sawasawa pande zote, na unazuia bomba lisibonyee kwenye kona. Mahali palipobaki pa kukata kona walikataa kutumia elbo moja ya nyuzi 90, wakaunganisha mbili za nyuzi 45, kwa sababu, kama fundi alivyosema, hewa nayo haipendi kona ya ghafla. Maungio yakapigwa gundi. Bomba lilipokutana na boksi la filta waliweka kipande cha mpira na klipu mbili, maana mwili wa gari unacheza barabarani na plastiki isiyo na pa kuchezea inapasuka. Mwisho wakapaka rangi nyeusi. Nilidhani ni urembo, kumbe jua likiipiga plastiki miaka miwili mitatu inakuwa kama kaki.

Halafu likaja jaribio. Injini ikawashwa, fundi akachukua kipande cha ubao chenye mpira, akaziba mdomo wa bomba kule juu. Injini ikaendelea kuunguruma.

"Inaiba," akasema.

Nikamuuliza, "Inaiba nini, mzee?"

"Hewa, mwalimu. Nimeziba pua, haikufa. Ina maana kuna pengine inapumulia. Na inapopumulia hewa leo, mtoni itanywea maji."

Walikuta klipu moja haijakaza. Wakakaza, wakaziba tena, injini ikakohoa mara mbili ikazimika. Pale gereji wote walifurahi injini kufa, na ukiwa mgeni unaweza kudhani wamechanganyikiwa.

Sasa nataka tuongee kuhusu huyo mdogo wangu. Ana miaka 19. Kidato cha nne alipata F ya Fizikia, na nyumbani jambo hilo lilizungumzwa kwa sauti ya chini kama msiba. Siku ya pili nilimuuliza kwa nini wasitumie bomba la inchi 2 ambalo ni rahisi na linapenya vizuri. Hakufikiri hata kidogo. Akaniambia, "Dada, kimbia kutoka hapa hadi stendi huku unavuta pumzi kwa mrija wa soda. Utafika?"

Usiku nilipiga hesabu. Kwa zile lita 4,200 kwa dakika, hewa ndani ya bomba la inchi 3 inakimbia karibu kilomita 55 kwa saa. Ndani ya bomba la inchi 2 inabidi ikimbie karibu kilomita 124 kwa saa. Eneo la mdomo limepungua kwa zaidi ya nusu, mwendo umepanda kwa zaidi ya mara mbili, na ukinzani unapanda haraka kuliko mwendo. Injini inakabwa, dizeli haiungui yote, moshi unakuwa mweusi. Nilihitaji kalamu, kikokotoo na miaka mitatu ya chuo kufika pale ambapo yeye alifika kwa mrija wa soda.

Sisemi mtihani ulimwonea. Alishindwa kujibu, akapata alichopata. Lakini sisi tulio kwenye ualimu tunapaswa kuuliza ilikuwaje kijana anayeielewa presha kiasi hicho akakaa miaka minne kwenye darasa la fizikia bila mtu yeyote kugundua. Sehemu ya jibu ni lugha, na hili tusizunguke: sekondari aliulizwa kwa Kiingereza kitu ambacho gereji anakijua kwa Kiswahili. Sehemu nyingine ni sisi. Mwalimu wake alichora injini ubaoni, wakati kutoka ile shule hadi gereji ni mwendo wa dakika kumi.

Na sisi tunafanya hivyohivyo. Nani hapa hajaenda TP na manila kwenye begi? Tunachora pistoni kwa kalamu ya maki, tunapaka rangi, tunaandika kwenye andalio la somo kwamba tumetumia zana za kufundishia, msimamizi anakuja, anaweka vema, anaondoka. Nimeona mwenzangu akifundisha mgandamizo wa hewa kwa manila huku dirishani kuna fundi baiskeli anajaza upepo. Kwenye mazoezi yetu ya kufundishana hapa chuoni, mmoja anakuwa mwalimu na wengine tunajifanya kidato cha pili, tunanyoosha vidole na kujibu maswali ambayo majibu yake tunayajua tangu tukiwa kidato cha pili kweli. Hatujawahi kupewa kitu halisi, kimeoza au kimepinda, tukaambiwa: tafuta somo humu.

Wakati wa TP yangu nilijaribu kidogo. Nilikata vipande viwili vya plastiki nyeupe, nikavipaka grisi, nikamwomba dereva anayepeleka bidhaa vijijini afunge kimoja kwenye bampa na kingine kwenye keria, juu ya paa. Aliporudi jioni niliviweka mbele ya kidato cha tatu bila kusema chochote. Cha bampa kilikuwa kama kimepakwa udongo. Cha paani nacho kilikuwa na vumbi, ila jepesi, na jembamba ukilisugua kwa vidole. Maswali yalianza yenyewe. Kwa nini chembe kubwa zimebaki chini? Je, gari likiwa nyuma ya Fuso, paa linasaidia nini wakati wingu lote liko juu? Hilo la mwisho aliuliza binti mmoja wa dawati la nyuma, na ni swali zuri sana, kwa sababu jibu lake ni kwamba halisaidii sana. Hapo dereva aachie nafasi. Kipindi kile hakikuhitaji umeme wala maabara.

Najua nitakachojibiwa. Cha kwanza: hatukuja chuo kuwa mafundi. Sawa, lakini wanaosema hivyo ndio haohao wanaotamani Altezza yenye filta wazi chini ya boneti ili ivume. Niwape zawadi ya bure: ile filta ikikaa karibu na injini inavuta hewa ya moto. Hewa ya nyuzi 60 ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 9 kuliko hewa ya nyuzi 30, kwa ujazo uleule. Ni kanuni ya Charles, hesabu yake inafanyika nyuma ya bahasha. Mnanunua kelele na kupoteza nguvu. Fundi wa Makanyagio ambaye hajamsikia Charles asingewafanyia hivyo.

Cha pili kina uzito zaidi: kwamba natukuza kazi ya kubahatisha. Hapa nakubali kwa nusu. Si kila bomba la mtaani ni bomba. Masika nimeona Noah imekufa katikati ya maji, tulipoifungua boneti tukakuta bomba limeungwa kwa mfuko wa plastiki na gundi ya karatasi, na hakuna aliyeliziba kulijaribu. Konrodi mbili zilipinda. Mwenye gari aliambiwa "ubunifu", na neno hilo limekuwa kichaka cha kuficha uzembe. Tukianza kusifia kila kilichoundwa na mzawa kwa sababu tu kimeundwa na mzawa, tutakuwa tunawadharau mafundi kwa njia nyingine: tunawachukulia kama watoto ambao chochote watakachochora tunabandika kwenye friji.

Na hata fundi mzuri ana mahali anapokwama. Yule wa pale mwembeni aliniambia mwenyewe kwamba magari mapya ya petroli yanamsumbua. Anapandisha bomba vizuri, halijaiba hewa, lakini taa ya injini inawaka na gari linakosa nguvu. Mengi ya magari hayo yana sensa inayopima hewa inayopita, na kipimo chake kimetengenezwa kwa kipenyo maalumu na mtiririko uliotulia. Ukibadilisha bomba mahali ilipo sensa, au ukaweka kona karibu nayo, inasoma uongo, na kompyuta inapima mafuta kwa uongo huo. Mrija wa soda hausaidii tena hapo. Panahitajika mtu wa kukaa naye, kalamu mkononi, na kumweleza kipenyo, eneo na mwendo, kwa Kiswahili, bila kumwonea aibu. Nilifanya hivyo kwa saa nzima. Alinisimamisha mara nne, na mara mbili kati ya hizo yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Kwa hiyo ninapozungumzia mafundi sizungumzii hisani. Kila upande una kitu ambacho upande wa pili hauna. Mwalimu Nyerere aliliona hili katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alipolalamika kwamba shule zetu zinamfanya kijana aamini maarifa yote yanatoka kwenye vitabu na kwa waliosoma, na kumdharau mzee anayejua kazi yake. Tunalisoma andiko lile mwaka wa kwanza, tunalijibia maswali, tunapata B, halafu tunaenda TP na manila.

Serikali nayo kwa upande wake imeshafungua mlango mmoja. VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi wa mtaani anapimwa kwa anachojua na kupewa cheti. Maana yake mfumo umekiri kwamba gereji ni mahali pa kujifunzia. Sisi wa vyuo vya ualimu bado hatujakiri.

Ninachoomba ni kidogo, na naomba serikali ya wanafunzi ikibebe hadi kwenye kitivo badala ya kuishia kwenye barua ya kulalamikia vitanda. Katika wiki zetu za TP, wiki moja iwe ya kukaa kwenye kazi ya mtu: gereji, karakana ya kuchomelea, kwa fundi seremala, kwa fundi pampu. Siku ya mwisho mwanafunzi alete andalio la somo moja lililotoka pale, na msimamizi alisahihishe akiwa palepale, siyo ofisini. Na fundi alipwe. Hili nalisisitiza kwa sababu najua tulivyo: tutamwita, tutampiga picha, tutampa maji ya chupa na shukrani. Siku moja ya fundi ni pesa ya unga nyumbani kwake. Kama chuo kinaweza kumlipa mtoa mada anayekuja kutusomea slaidi, kinaweza kumlipa mtu anayekuja kutuonyesha jinsi injini inavyokufa kwa kuzibwa pua.

Nimeshamuuliza fundi wangu kama anaweza kuja kusimama mbele yetu hata kwa saa mbili, aje na bomba lake na karai lake la mchanga. Amekubali. Ametoa masharti matatu: nauli ya treni kutoka Mpanda itangulie, isiwe Jumamosi kwa sababu ndiyo siku ya magari, na asikalishwe meza kuu.

"Mimi nipeni gari," alisema. "Hotuba atoe mwingine."